Mvua Yatoka kwa Mungu, Handaki Huchimbwa na Mtu

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima wa Ukambani amelisikia neno hilo tangu utoto wake, naye hulipenda, lakini ameona pia jinsi mawingu yawezavyo kumdanganya mtu. Mwezi wa Oktoba hufika jua likiwa kali, na upepo ukivuma kutoka upande wa bahari. Mawingu meusi hukusanyika juu ya vilima vya Mbooni na Nzaui. Akina mama huharakisha kutia mbegu katika udongo mkavu ili mvua ya kwanza izikute tayari. Wazee hutazama juu, wala hawasemi neno. Kisha upepo hugeuka, na mawingu yale hupita kama wageni waliokosea nyumba. Usiku nyota hutoka zote, na mbegu hubaki chini zikingoja pamoja na wenyewe.

Katika nchi ya namna hiyo, swali la maji si swali la tumbo peke yake. Ni swali la imani pia. Mkristo amefundishwa kwamba Baba yake aliye mbinguni huwapa mvua watu wema na watu waovu bila kuwabagua. Basi aonapo kanisa limejaa waombaji na kisima kimekauka, atasema nini? Wako wasemao kwamba ukame ni adhabu ya dhambi, na kwamba hapana la kufanya ila kutubu na kungoja. Wako wengine, hasa vijana waliosoma, wasemao kwamba maombi ni kazi bure, na kwamba maji huletwa na fedha na mabomba, basi. Watu hawa wawili hubishana sana, na wakati wanapobishana hakuna hata mmoja wao aliyeshika jembe. Yafaa kutafuta kama iko njia nyingine, ambayo mtu anaweza kupiga magoti asubuhi na kuchimba mchana, na kazi hizo mbili zikawa moja.

Kwanza msomaji aitazame nchi yenyewe. Sehemu kubwa ya Machakos, Makueni na Kitui hupata mvua mara mbili kwa mwaka: masika, kuanzia Machi hata Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hata Desemba. Vuli ndiyo inayotegemewa zaidi. Mito mikubwa isiyokauka ni miwili tu, Athi na Tana, nayo iko mbali na vijiji vingi. Mito mingine mingi ni mito ya mchanga. Hujaa kwa saa chache au siku chache wakati wa mvua, ikanguruma na kubeba miti mizima. Kisha hubaki njia pana nyeupe, ambayo mgeni angeidhania kuwa barabara.

Wakamba wameziita njaa zao kwa majina, kama vile watu wengine wanavyowapa majina wafalme. Wamisionari wa kwanza wa Africa Inland Mission walifika Nzaui mwaka 1895, na haikupita miaka mitano kabla ya nchi kushikwa na njaa kubwa iitwayo Ngomanisye, iliyoua watu wengi mwishoni mwa karne ile. Kwa hiyo Injili na kiu vilijuana mapema katika Ukambani. Mwaka 1961 ilikuja njaa ya Atta, iliyopewa jina la unga wa msaada. Katika miaka ya 1980 ikaja nyingine ambayo jina lake maana yake ni kwamba mtu anakufa huku ameshika. Yaani alikuwa na fedha mkononi, lakini chakula cha kununua hakikuwapo. Katika majina hayo mna historia, na mna fundisho. Fedha bila maji hailishi mtu.

Ukame wa karibuni zaidi haukuwa mdogo kuliko ile ya zamani. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki ya Kenya na katika nchi jirani. Katika Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 walikufa, na watu zaidi ya milioni 4 walihitaji msaada wa chakula. Mwezi wa Februari 2023 viongozi wa nchi waliwaita wananchi wote wafanye siku ya maombi ili mvua inyeshe, na watu wakaomba. Mvua ilikuja katika masika ya mwaka ule. Ilipofika vuli, bahari ya Pasifiki na Bahari ya Hindi zilikuwa zimepata joto kwa namna ambayo huleta mvua nyingi upande huu wa Afrika. Mito ikafurika, madaraja yakachukuliwa. Katika masika ya 2024 mafuriko yalirudi tena, na watu zaidi ya 200 walipoteza maisha yao katika Kenya. Nchi iliyokuwa imepiga magoti kuomba maji ilipiga magoti tena kuomba maji yapungue.

Mtu mwenye haraka angesema kwamba Mungu anawadhihaki watu wake. Lakini mtu mwenye subira angeuliza swali jingine: maji yale yote yalikwenda wapi? Maji yakimwagika hayazoleki. Mvua ya nchi kavu hunyesha kwa nguvu, juu ya ardhi iliyo ngumu na isiyo na majani, na sehemu kubwa yake hukimbia kabla ya kuzama. Hutoka shambani ikaingia katika korongo, hutoka katika korongo ikaingia mtoni, kisha ikashuka na mto Athi, ambao mbele huitwa Galana na mwishowe Sabaki, mpaka ikafika baharini karibu na Malindi. Mvuvi wa Malindi huona bahari ikigeuka rangi ya udongo, naye hujua kwamba bara kumenyesha. Udongo ule ulikuwa shamba la mtu. Maji yale yalikuwa kinywaji cha mtu. Basi yampasa mtu wa nchi kavu akiri kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiomba mvua na, ilipokuja, akaiacha ipite mlangoni pake. Upungufu wa mvua ni wa kweli, lakini upungufu wa mahali pa kuiweka ni wa kweli pia, na huu wa pili hauondolewi kwa maombi peke yake.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya tatu, iko habari ambayo haihubiriwi sana, ijapokuwa inawafaa mno watu wa nchi kavu. Wafalme watatu, wa Israeli, wa Yuda na wa Edomu, walikwenda vitani kwa njia ya jangwani. Walizunguka siku saba, na maji yakawaishia, wao na askari wao na wanyama waliowafuata. Mfalme wa Israeli akakata tamaa, akasema kwamba Bwana amewaita ili wapotee. Lakini Yehoshafati, mfalme wa Yuda, akauliza kama hakuna nabii karibu, wakamwendea Elisha. Elisha hakuwaambia watazame mawingu. Aliwapa agizo la kulijaza bonde lile mahandaki, akawaambia wazi kwamba hawatauona upepo wala mvua, na hata hivyo bonde litajaa maji. Asubuhi, wakati wa sadaka, maji yakaja kwa njia ya Edomu, na nchi ikajaa.

Wasomaji wa nchi zenye mvua nyingi hushangaa kwamba maji yaliweza kuja bila mvua kuonekana. Mtu wa Ukambani hashangai. Amekwisha kuona mara nyingi mto ukishuka chini ya mbingu nyeupe, kwa sababu mvua imenyesha mbali milimani, na watoto waliokuwa wakicheza mchangani wamelazimika kukimbia. Kwake yeye muujiza wa habari ile hauko hasa katika maji kutoka Edomu. Uko katika wale askari. Walikuwa wana kiu ya siku saba, mbingu haina dalili, na wameagizwa kuchimba, kazi ambayo humwongezea mtu kiu. Nao walichimba. Lau wangalingoja kwanza waone wingu, maji ya asubuhi yangalipita katika bonde lile yakaenda zake, na jeshi lingalikufa kwa kiu huku mchanga umelowa.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya tumaini na kungoja tu. Angojaye hutazama juu. Mwenye tumaini hutazama juu, kisha huinama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika Ukambani cha mvunguni ni maji yaliyo chini ya mchanga.

Namna moja ya kuinama ambayo imeleta faida kubwa katika nchi hiyo ni bwawa la mchanga. Watu hutafuta mahali ambapo mto wa mchanga unapita juu ya mwamba, nao hujenga ukuta wa mawe na saruji kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule, ukiwa umeshikana na mwamba chini na kuingia barabara katika kingo zote mbili. Mto ukishuka, maji huleta mchanga na tope. Mchanga, ulio mzito, huzama nyuma ya ukuta. Tope, lililo jepesi, hupita juu ya ukuta likaenda. Baada ya msimu mmoja au misimu michache mahali pale pamejaa mchanga mpaka juu. Mgeni angesema kwamba bwawa limeharibika. Kumbe ndipo limekamilika, kwa maana kati ya chembe za mchanga mna nafasi, na nafasi hizo zaweza kushika maji kadiri ya robo ya ujazo wote, na pengine zaidi. Maji yaliyofichwa hivyo hayanyonywi na jua kama maji ya ziwa lililo wazi, wala mbu hawazai ndani yake, wala ng'ombe hawayakanyagi. Mtu huchimba kisima kando yake, au hutia bomba chini ya ukuta, akapata maji miezi mingi baada ya mvua kwisha. Miti ya kingoni hubaki kijani, kwa sababu maji hupenya pembeni pia.

Kazi hii yataka akili. Ukuta usiofika kwenye mwamba huchimbwa na maji kutoka chini, na ukuta usioingia vizuri katika kingo huzungukwa na mto, ukabaki umesimama peke yake. Wala si kila mto unafaa. Mto uletao tope bila mchanga wa chembe kubwa hautaweka maji. Tena vilima vilivyo juu ya mto visipokuwa na matuta, udongo hushuka wote. Kwa sababu hiyo, watu wenye busara huchimba matuta kwanza, kisha hujenga ukuta.

Habari ya matuta hayo ina uchungu wake. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni waliiona Machakos kuwa nchi inayokufa kwa mmomonyoko wa udongo, nao walitaka kuiponya kwa amri. Mwaka 1938 serikali ilianza kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walifunga safari kwenda Nairobi kutaka kumwona Gavana, na mwishowe mpango ule uliachwa, ijapokuwa kiongozi wao alipelekwa Lamu kifungoni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1946, fedha nyingi zaidi zilitumiwa katika kuendeleza ardhi, lakini kazi ya matuta bado iliwajia watu wengi kama kazi ya kulazimishwa. Mtu aliyelazimishwa huchimba handaki akiwa amegeuza uso. Uhuru ulipopatikana, matuta mengi yaliachwa kwa muda, kwa kuwa yalinuka amri.

Lakini jambo la ajabu lilitukia baadaye. Watu walirudi kuyachimba kwa hiari yao. Walichagua matuta ya fanya juu, ambayo udongo wa handaki hutupwa upande wa juu ili kuzuia maji, na jina hilo la Kiswahili likaingia katika vitabu vya wataalamu wa nchi nyingine. Walifanya kazi katika mwethya, yaani kikundi cha jirani wanaosaidiana kwa zamu, shamba la huyu leo na la yule kesho. Na walio wengi katika vikundi hivyo walikuwa wanawake. Mwaka 1978, huko Utooni katika sehemu ya Kola, Joshua Mukusya na jirani zake walianza kikundi ambacho kilikuja kujulikana sana kwa ujenzi wa mabwawa ya mchanga. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba tangu miaka ya 1930 mpaka 1990 idadi ya watu wa Machakos ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko ulikuwa umepungua. Nchi iliyohukumiwa kufa ilikuwa ikipona, na walioiponya walikuwa wale wale waliolaumiwa.

Karani mmoja aliyekuwa amerudi kwao kwa likizo alimkuta nyanya yake mtoni, amesimama katika mstari wa wanawake waliokuwa wakipokezana mawe kwa ajili ya ukuta. Jua lilikuwa la saa saba, wala mbinguni hapakuwa na wingu hata kidogo.

"Nyanya," akasema, "mbona mnajitesa hivi? Serikali imesema italeta mabomba."

"Yalisemwa hayo, mjukuu wangu, nikiwa msichana," akajibu yule mama mzee bila kuacha kazi. "Yakija tutayapokea kwa shukrani. Lakini kiu haijaniuliza hata siku moja kama mabomba yamefika."

"Na kama mvua haitanyesha?"

"Basi ukuta utangoja. Mvua nimeingoja maisha yangu yote nikiwa mikono mitupu. Sasa nataka kuingoja nikiwa na ukuta. Haya, pokea jiwe hili, ni zito kwangu."

Karani yule alitazama viatu vyake, kisha akavivua, akaingia katika mstari.

Maneno ya mama yule yana theolojia ya kutosha kwa mwaka mzima. Hakukana kazi ya Serikali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imetaja maji safi na salama, ya kiasi cha kutosha, kuwa ni haki ya kila mtu. Na raia Mkristo hafanyi dhambi akidai haki hiyo katika baraza na kwa kura yake. Wala hakukana kazi ya Mungu, kwa maana alijua kwamba hawezi kunyesha. Alichokana ni ule uvivu unaojificha nyuma ya Mungu na ule unaojificha nyuma ya Serikali, ambao kwa kweli ni uvivu mmoja wenye kofia mbili.

Kanisa nalo lapaswa kujipima kwa kipimo hicho. Kila milimita moja ya mvua inayoanguka juu ya mita mraba moja ya bati ni lita moja ya maji. Kanisa lenye paa la mita mraba 100, katika msimu wa mvua ya milimita 300, hupokea juu ya kichwa chake lita 30,000. Hata zikipotea kiasi, zinazobaki ni mitungi ya lita 20 zaidi ya elfu moja. Hebu mtu azitazame nyumba za ibada katika wilaya zenye kiu na kuhesabu ni ngapi zilizo na mifereji ya bati kuzunguka paa na tangi chini yake. Ni jambo la kuhuzunisha kuona waumini wakimlilia Mungu chini ya paa ambalo maji yake humwagika uani, na baada ya ibada mama mjamzito akachukua mtungi wa kilo 20 mgongoni, kamba ikimkata paji la uso, akaenda kutafuta maji mbali. Ombi la kanisa lile linajibiwa kila mwaka, na jibu humwagika chini.

Liko jambo jingine lililo gumu zaidi kulisema, nalo ni uuzaji wa mchanga. Miji inajengwa, hasa Nairobi, na mchanga wa mito ya Ukambani unatafutwa sana. Malori huingia mitoni hata usiku. Kijana asiye na kazi hupata fedha ya siku moja kwa kujaza lori, na si rahisi kumlaumu mwenye njaa. Lakini mchanga ndio mtungi wa nchi. Auzaye mchanga wa mto wake ameuza mtungi, kisha atalia kwamba hana maji. Jambo hili limeleta ugomvi mkali kati ya ndugu na ndugu. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga na kusimamia matumizi yake, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini sheria haiwezi kulala mtoni kila usiku. Hulindwa na dhamiri ya wenyeji.

Juu ya ugomvi wa maji, Biblia haikunyamaza. Isaka alichimbua visima ambavyo baba yake Ibrahimu alikuwa amevichimba na Wafilisti wakavifukia. Alipopata maji, wachungaji wa Gerari wakamgombania. Akaacha kisima kile, akachimba kingine, wakamgombania tena. Akachimba cha tatu, na hicho hawakukigombania, naye akakiita Rehobothi, kwa kuwa Bwana alikuwa amewafanyia nafasi. Msomaji angalie kwamba Isaka alivipa visima viwili vya kwanza majina ya ugomvi na uadui, ili watu wakumbuke. Visima vingi vya nchi kavu leo vingestahili majina hayo. Kisima kinachofungwa kwa kufuli na mtu mmoja mwenye nguvu, wakati kilichimbwa na mikono ya mwethya, ni Eseki, hata kama kimebarikiwa na mchungaji siku ya kukifungua.

Haifai hata hivyo kumpa msomaji tumaini la uongo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba maji mengi mno yamegunduliwa chini ya ardhi huko Lotikipi katika Turkana. Watu walishangilia, baadaye maji yalipopimwa yalionekana kuwa na chumvi nyingi isiyofaa kunywewa. Mabwawa ya mchanga nayo yana mpaka wake. Msimu mmoja ukikosekana, huokoa kijiji. Misimu mitano ikikosekana mfululizo, hata mchanga hukauka. Tena dunia inazidi kupata joto kwa sababu ya moshi wa makaa na mafuta, ambao sehemu kubwa haukutoka katika nyumba za wakulima wa Kitui, na joto hilo hufanya ukame kuwa mkali zaidi na mvua kubwa kuwa kubwa zaidi. Mkulima anayechimba handaki lake ana haki ya kuyauliza mataifa yenye viwanda wao wanachimba nini.

Basi, kama kila handaki laweza kukauka, tumaini la Mkristo limesimama wapi? Limesimama mahali ambapo hapakauki. Kitabu cha mwisho cha Biblia kinamalizika kwa mto wa maji ya uzima, nacho kinataja watu ambao hawataona kiu tena. Wako waliolitumia neno hilo kama mto wa kulalia, wakisema kwamba shida za dunia hupita. Lakini hakuna mtu aliyeahidiwa nyumba isiyo na kiu ambaye angefurahi kuona jirani yake akifa kwa kiu mlangoni. Bwana mwenyewe, aliyemwahidi mwanamke Msamaria maji ya uzima, alianza kwa kumwomba maji ya kisima, kwa maana alikuwa amechoka na jua lilikuwa la mchana. Hakuyadharau maji ya kisima. Alifundisha pia kwamba kikombe cha maji baridi alichopewa mdogo mmoja hakitakosa thawabu yake. Kumbe maji ya duniani na maji ya mbinguni si adui. Anayemnywesha mwenzake leo anaanza kuishi katika nchi ile anayoingojea.

Mwisho wa kiu katika Ukambani hautakuja siku moja, wala kwa tangazo moja. Utakuja kwa ukuta mmoja katika mto huu na tangi moja chini ya paa lile; kwa matuta yanayotengenezwa kabla ya kubomoka; kwa mabomba ambayo Serikali itadaiwa mpaka iyalete; kwa mchanga ulioachwa mtoni ingawa mnunuzi ameonyesha noti. Utakuja pia kwa maombi, kwa maana mtu asiyeomba huchoka upesi, na handaki la mtu aliyechoka huwa fupi. Mwezi wa Septemba, wakati mbingu ni nyeupe na hakuna anayezungumza habari za mvua, ndio mwezi wa kusafisha mifereji, kukagua kingo na kuita mwethya. Vuli ikija, itajua pa kukaa.